Vitabu vya keki vya wapishi maarufu wa Uingereza na Marekani: vinafaa jiko la Mtwara?

Mpishi wa Shangani

Wadau wa mapishi, salaam.

Akina dada wa huku kusini wakikutana kwenye magrupu ya keki, swali hili halikosi: vile vitabu vya wapishi wa kwenye televisheni, vyenye picha za kupendeza na bei ya kutisha, vina faida gani kwa mtu anayeokea Mtwara? Wengi wanasema havina. Keki imegoma, siagi imeyeyuka, unga wanaoutaja haupo dukani, basi kitabu kinabaki pambo la sebuleni. Mimi nauza keki za oda hapa mjini na vitabu hivyo navitumia kila wiki. Nimeona niandike kwa kirefu, wenye hoja tofauti nao walete.

Msimamo wangu: vinafaa, tena sana. Ila mizani inunuliwe kabla ya kitabu.

Kwanza tuwajue wenyewe. Watu wanadhani hawa wote ni mashefu wa mahoteli makubwa. Wengi wao siyo. Nigella Lawson alikuwa mwandishi wa habari, hakusomea upishi popote, na kitabu chake cha kuoka, How to Be a Domestic Goddess, kilitoka mwaka 2000 akiwa anapikia jikoni kwake kama sisi. Ina Garten wa Marekani alikuwa mtumishi wa serikali kule Washington, kwenye ofisi ya bajeti ya Ikulu, mpaka mwaka 1978 aliponunua duka la vyakula. Kitabu chake cha kwanza hakikutoka mpaka 1999.

Mary Berry yeye alisoma chuoni, lakini kinachonivutia ni kazi aliyoifanya ujanani. Alikuwa kwenye ofisi ya umeme ya mji wa Bath. Mteja akinunua oveni mpya, Mary anamfuata nyumbani kumwonyesha inavyofanya kazi, na alichokuwa anakioka ni keki ya Victoria, ile keki ya kawaida ya Waingereza, ileile kila mara. Mtu aliyezunguka majiko ya watu namna hiyo, kila siku oveni ngeni, anajua mpishi wa nyumbani anakwama wapi. Ukisoma maelekezo yake unaliona hilo: anakwambia keki iliyoiva inaachana na kingo za bati, ukiibonyeza katikati kwa kidole inarudi. Dalili hizo zinafanya kazi Bath na zinafanya kazi Chikongola.

Halafu kuna Nadiya Hussain, aliyeshinda shindano la kuoka la Uingereza mwaka 2015. Wazazi wake wana asili ya Bangladesh, na amesimulia kwamba oveni ya nyumbani kwao mama yake alikuwa anahifadhia vikaango, kwa sababu mapishi ya kwao hayana mambo ya kuoka. Kuoka alikujulia shuleni. Mwaka uliofuata ushindi wake alioka keki ya machungwa ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90. Sasa jiulizeni ni nyumba ngapi hapa Mtwara zina jiko la gesi lenye oveni chini, na humo ndani tumepanga sufuria. Kwa hiyo hoja ya kwamba "hivi ni vitabu vya waliozaliwa na oveni" mimi siikubali.

Kinachotukwamisha ni vipimo, na balaa kubwa liko kwenye mayai.

Yai wanaloliita kubwa Uingereza lina gramu 63 hadi 73 likiwa na ganda. Yai la kienyeji mara nyingi halifiki 45. Kitabu kikisema mayai 4, wao wanazungumzia karibu gramu 270. Ukipasua manne ya kienyeji umeweka kama gramu 170, huku unga na sukari umevijaza vilevile vya kitabuni. Keki hiyo lazima iwe kavu, ipasuke juu, na mteja akikata kipande kinamwagika chenga. Kitabu hakina kosa hapo.

Dawa yake ni ya zamani na Waingereza wenyewe wanaitumia: weka mayai kwenye mizani na maganda yake, uzito utakaousoma ndio uzito wa siagi, ndio wa sukari, ndio wa unga. Mayai yakija gramu 200, kila kimoja gramu 200. Hapo hata ukipewa mayai ya kanga utaoka keki.

Unga nao. Vitabu vya Uingereza karibu kila ukurasa vinataja unga ambao tayari una beking pauda ndani yake. Huku tuna unga wa kawaida, basi kila gramu 150 tia vijiko 2 vya chai vya beking pauda, visawazishwe kwa kisu, uchekeche mara mbili ichanganyike. Sukari yetu ina chembe kubwa kuliko ya kwao. Isage kidogo kwenye blenda au itwange kwenye kinu kisafi, isije ikabaki inakwaruza kwenye siagi. Usitumie ile ya unga ya kupambia, ina wanga ndani na keki inabadilika.

Na siagi "ya joto la chumba". Chumba cha nani? Siagi inapigwa vizuri ikiwa kati ya nyuzi 18 na 21. Mchana wa Mtwara mwezi wa kumi na mbili siagi ikikaa mezani inakuwa mafuta, na mafuta hayashiki hewa hata upige mpaka mkono uume. Mimi napiga alfajiri, au naliweka bakuli ndani ya beseni la maji ya baridi. Na hapa Mary Berry anatusaidia tena, kwa sababu mapishi yake mengi ya keki ni ya kuchanganya vyote kwa mkupuo, siagi laini ya kopo, mayai, sukari, unga na beking pauda pamoja. Njia hiyo haitegemei sana siagi kushika hewa, beking pauda ndiyo inayobeba kazi. Kwa joto letu ni mkombozi.

Vitabu vya Marekani vinapima kwa kikombe. Kikombe chao ni mililita 240 hivi, siyo kikombe chako cha chai. Unga uliojaa humo, ukimiminwa taratibu, ni kama gramu 120 hadi 125. Ukiuchota kwa kuushindilia unaweza kupita 150. Tofauti hiyo peke yake inaua keki. Wapo Wamarekani walioliona hili mapema: Rose Levy Beranbaum kwenye The Cake Bible ya mwaka 1988 aliweka uzito pembeni ya vikombe, na ndiyo sababu kitabu kile bado kinaheshimika.

Naomba michango.

---

Bint Mikindani

Dada ahsante sana, hilo la mayai limenifungua macho. Mimi sina oveni, natumia mkaa. Nyuzi 180 za kwenye kitabu nazijuaje kwenye jiko la mkaa?

---

Mzee wa Newala

Nimesoma yote. Bandiko zuri, ila nina la kusema.

Mastaa wengi hawaandiki vitabu vyao. Kuna watu wanalipwa kuandika, kuna watu wanalipwa kupika, kuna wa kupiga picha, staa anatoa sura na jina. Tena Marekani walifika mbali zaidi, wakatengeneza mpishi ambaye hayupo kabisa. Betty Crocker alibuniwa na kampuni ya unga mwaka 1921 ili barua za wateja zijibiwe kwa jina moja. Akapewa sahihi, akapewa sauti redioni, akachorewa sura, na mwaka 1945 jarida la Fortune likamtaja kuwa mwanamke wa pili kwa kujulikana Marekani baada ya Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Roosevelt. Mwaka 1950 kikatoka kitabu kikubwa cha mapishi kwa jina lake. Watu wakanunua kwa wingi.

Sasa nyinyi mnawaamini vipi hao? Mama zetu walioka mikate ya sinia na ya kumimina bila kitabu cha mtu yeyote, na ilikuwa inaiva.

---

Mpishi wa Shangani

Shikamoo mzee wangu.

Ya Betty Crocker ni kweli tupu, na ni mfano mzuri kuliko unavyodhani. Yule mtu hakuwapo, lakini jiko lilikuwapo. Ile kampuni ilikuwa na wanawake waliokuwa wanajaribu kila pishi kabla halijachapwa, kwa sababu pishi likigoma mteja hanunui tena unga. Ndiyo maana mapishi yale yanakubali.

Kwa hiyo mimi jina la jaladani silitazami. Natazama vitu vingine. Kitabu kinatoa gramu? Kinasema bati liwe la upana gani? Mchanganyiko wa bati la sentimita 20 ukiumwaga kwenye la 26 unatoka na chapati. Kinanieleza keki iliyoiva inaonekanaje, au kinaniambia dakika 25 basi? Na kikubwa kuliko vyote: kinaniambia kwa nini? Kwa nini mayai yatiwe moja moja, kwa nini unga ukishaingia nisipige sana. Kinachonipa sababu naweza kukihamishia kwenye jiko langu. Kinachonipa amri peke yake kinaishia kwenye jiko la mwandishi.

Kuhusu mama zetu, mzee, hapo tuko pamoja kabisa na nitarudi.

---

Fundi Jiko Ligula

Bint Mikindani, njoo hapa. Mimi nauza na kutengeneza majiko na mke wangu anaoka kwa mkaa, naomba nikujibu.

Tafuta sufuria nene, pana, yenye mfuniko bapa wa bati usio na kishikio kirefu. Chini weka mchanga mkavu uliochekechwa na kuoshwa, kina cha vidole viwili. Usiutoe pwani ukautia vile vile wenye chumvi, unakula sufuria. Juu ya mchanga weka pete ya chuma au vigae vitatu ili bati la keki lisigusane na mchanga moja kwa moja. Funika, washa, acha sufuria ishike moto robo saa kabla keki haijaingia. Hili wengi wanaliruka. Wanatia keki kwenye sufuria ya baridi, beking pauda inafanya kazi yake yote na kuisha wakati joto la kuishikilia keki bado halijafika, inapanda kisha inadidimia.

Moto wenyewe: wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Makaa yakiwa mafungu matatu, mawili yapalie juu ya mfuniko, moja libaki chini. Wanaounguza keki chini karibu wote wamegeuza hesabu hiyo. Tena makaa yawe yameshika majivu meupe, siyo yale yanayotoa ndimi za moto.

Nyuzi 180 ni moto wa wastani. Ukiwa na kipimajoto cha oveni kile cha saa, kiweke ndani usome, ni kifaa kidogo na kinafaa hata kwa wenye oveni za umeme, maana namba zilizo kwenye kitasa cha oveni nyingi zinadanganya. Ukiwa huna, nyunyiza unga kijiko kimoja kwenye bati kavu, uweke ndani ya sufuria ufunike dakika tano. Ukitoka mweusi, punguza makaa ya juu. Ukitoka mweupe kama ulivyoingia, ongeza. Ukitoka rangi ya mchanga wa ufukweni, tia keki.

Na usifunue! Ukifunua mapema unatoa joto lote, na keki ambayo mayai na wanga wake bado havijashikana inakaa chini, hainyanyuki tena. Ngoja harufu ikufikie, halafu hesabu dakika tano nyingine ndipo uchungulie.

---

Bint Mikindani

Kaka Mungu akubariki. Nilikuwa natia makaa mengi chini. Kesho najaribu hii ya mafungu matatu.

---

Nachingwea Kwetu

Nauliza jambo jingine. Keki za matunda za Waingereza, zile za sikukuu, kila kitabu nikifungua naona brandi, sheri, ramu. Wateja wangu wengi Waislamu, na hata kwangu haingii. Nikiitoa naweka nini? Maana nikiacha hivi hivi zabibu zinakuwa ngumu kama mawe.

---

Mama Twalibu wa Lindi

Mwanangu, loweka kwenye chai. Chai ya rangi nzito, ya moto, mimina juu ya zabibu na tende zilizokatwa, funika usiku kucha. Asubuhi zimevimba na zimelainika. Wala hujabuni kitu, Wales kule Uingereza wana mkate wao wa siku nyingi, bara brith, unaanza hivyo hivyo, matunda makavu usiku kucha ndani ya chai. Ukipenda changanya nusu chai nusu maji ya machungwa, tia kipande cha mdalasini na karafuu mbili.

Pombe kwenye keki zile inafanya kazi mbili, inalainisha matunda na inaifanya keki ikae wiki na wiki bila kuharibika. Ya kwanza chai inaifanya. Ya pili haiifanyi. Kwa hiyo keki ya chai usiiweke kabatini mwezi mzima kama wanavyoandika, na hili joto letu la Lindi ndiyo kabisa. Ioke karibu na siku yenyewe.

---

Mpishi wa Shangani

Mama Twalibu shikamoo, umemaliza.

Sasa naomba nilete kitu ambacho ndicho hasa kilichonifanya nifungue uzi huu. Watu wanasema viungo vya vitabu hivi havipatikani Mtwara. Jamani, sisi ndio tunakaa kwenye viungo.

Chukueni keki ya machungwa na lozi isiyo na unga wa ngano hata chembe. Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo, aliiweka kwenye kitabu chake cha vyakula vya Mashariki ya Kati mwaka 1968: machungwa mawili yanachemshwa mazima na maganda yake mpaka yalainike, yanasagwa, yanachanganywa na mayai 6, sukari gramu 250, lozi zilizosagwa gramu 250 na kijiko cha beking pauda. Basi. Mwaka 1998 Nigella akaitoa ya kwake ya namna hiyo kwa machenza, gramu 375, na ndiyo iliyoenea dunia nzima.

Lozi hapa Mtwara ni ghali na sielewi mtu anaitafutia nini wakati amezungukwa na mikorosho. Mimi naweka korosho. Natumia zile za vipande, zilizobanguliwa lakini hazijatiwa chumvi, kwa sababu nzima nzuri za kuuza mezani ni hasara kuzisaga.

Namna ninavyofanya, sogea karibu: machenza nachemsha saa mbili nzima, maji yakipungua naongeza ya moto. Yakiwa tayari ukiyachoma na kijiti kinaingia kama kwenye ndizi iliyoiva sana. Nayapasua yakiwa baridi, natoa kila mbegu, maana mbegu moja ikisagika inatia uchungu sufuria nzima, kisha nasaga na maganda yake mpaka yawe uji mzito wa rangi ya chungwa. Korosho naziweka kwenye kikaango kikavu moto mdogo, zikauke tu, zisibadilike rangi, zipoe kabisa. Hapo ndipo penye ujuzi. Korosho ni laini kuliko lozi, blenda ikizunguka mfululizo inageuka siagi ya korosho na huwezi kuirudisha. Kwa hiyo natia sehemu ya sukari ya kwenye pishi pamoja na korosho, nasaga kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, nikitikisa jagi katikati. Zikifanana na unga wa dona, naacha. Sitafuti zilainike zaidi ya hapo.

Mayai 6 ya kitabu, kwa mizani ni kama gramu 400 na maganda. Kwa kienyeji ni tisa hivi, lakini sihesabu, napima. Nyuzi 190, bati la sentimita 21 lililotandikwa karatasi, karibu saa moja, na baada ya dakika 40 nafunika juu na foili isiungue. Korosho ina mafuta pungufu kidogo kuliko lozi na wanga zaidi, kwa hiyo naipa dakika chache za nyongeza na siikati ya moto. Ikilala mpaka kesho yake inakuwa tamu zaidi, na unyevu wake unadumu. Hata wateja wenye matatizo na ngano wanaikula.

Pishi ni la kitabu. Keki ni ya Mtwara. Hiyo ndiyo faida ninayoizungumzia.

---

Mzee wa Newala

Marahaba mwanangu. Hili la korosho limenigusa, maana ndiyo shamba langu.

Nikuongezee: msimu unaanza mwezi wa kumi, na vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mkono wana vipande vingi visivyo na soko zuri. Nendeni moja kwa moja kwao, mtapata kwa bei nafuu na wao watapata mteja wa kudumu. Na msikubali kununua korosho iliyokaa wazi mpaka ikachacha. Tafuna moja kwanza. Ikiwa na harufu ya mafuta ya zamani, keki nzima itanuka hivyo.

Ila swali langu bado halijajibiwa. Roden kaandika ya Cairo. Huyo Nadiya kaandika. Sisi tuna mkate wa kumimina, mkate wa sinia, vitumbua, visheti, na muhogo tunaofanyia kila kitu. Kitabu chetu kiko wapi? Kituo cha utafiti cha Naliendele pale Mtwara wamefanya utafiti wa korosho miaka na miaka, miche bora tunaipata, lakini mjukuu wangu akitaka kujua kuoka keki kwa korosho lazima aanzie Cairo kwanza?

---

Rahaleo Msomi

Mzee, swali lako ndilo swali.

Cha karibu yetu ninachokijua ni In Bibi's Kitchen, kilitoka mwaka 2020. Mwandishi ni Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia anayeishi Marekani, akishirikiana na Julia Turshen. Wamekusanya mapishi ya akina bibi kutoka nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo, na Msumbiji jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Kimefanya kazi nzuri sana, lakini ni cha Kiingereza, siyo cha kuoka hasa, na nchi moja inapata kurasa chache. Kusini yetu haiwezi kuenea humo.

Na msifikiri lazima mtu awe staa kwanza ndipo aandike. Joy of Cooking, kitabu kilicholea majiko ya Marekani, kiliandikwa na Irma Rombauer wa St. Louis. Alikuwa mjane, mumewe alikuwa amefariki mwaka 1930, hana kazi, na hata ndugu zake hawakumhesabu kuwa mpishi hodari. Alikusanya mapishi ya nyumbani na ya marafiki, binti yake Marion akachora, na mwaka 1931 akachukua akiba yake akaenda kuchapisha nakala 3,000 kwa fedha zake, kwa kampuni ya uchapaji iliyozoea lebo za chupa za dawa ya kusukutua mdomo. Mchapishaji mkubwa alikuja 1936. Umaarufu ulikuja baada ya kitabu.

Tuna watu wanaoweza humu humu kwenye uzi.

---

Nachingwea Kwetu

Naunga mkono. Lakini tatizo la bibi zetu ni moja, ukimuuliza kiasi gani anakwambia "mpaka uone kimetosha". Nimekaa na bibi yangu jikoni, hapimi kitu.

---

Mpishi wa Shangani

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, dada. Kaa naye na mizani. Kabla hajatia mkono kwenye bakuli la unga, pima bakuli. Akishatoa, pima tena. Kilichopungua ndicho alichotia. Yeye aendelee kupika kwa mkono wake kama alivyozoea, wewe andika namba pembeni, na uandike pia maneno yake ya "mpaka uone", maana hayo ndiyo dalili ambazo Mary Berry anaziandika. Rudia siku nyingine, utaona mkono wa bibi haubadiliki sana.

Mama Twalibu, nakuomba kwa heshima, tuanze na wewe. Mkate wa kumimina wa Lindi, kwa gramu.

---

Mama Twalibu wa Lindi

Haya wanangu. Binti yangu ndiye aliyepima, mimi nimepika.

Mchele gramu 500, uwe mchele wa kawaida wa kunukia kidogo, siyo ule mrefu wa pilau unaoachana. Loweka usiku kucha, asubuhi chuja maji yote. Tui zito mililita 450, la nazi mbili kubwa zilizokunwa, likamuliwe kwa maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Saga mchele na tui mpaka ukipikicha kwa vidole husikii chenga. Hapo msiwe wavivu, mkate mwingi unaharibika kwa kusagwa nusunusu. Tia hamira ya chenga gramu 5 na sukari kijiko kimoja tu cha kuiamshia, saga tena kidogo, mimina kwenye bakuli kubwa, funika. Kwa joto la Lindi saa moja inatosha, uji utakuwa umeumuka na juu una mapovu.

Sasa ndipo utie sukari iliyobaki, gramu 200, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, na ute wa yai moja uliopigwa kidogo. Sukari yote ukiitia mwanzoni hamira inachelewa. Koroga kwa upole, uache utulie dakika kumi.

Sufuria ya sentimita 22 ipakwe mafuta, iwekwe kwenye moto mdogo mpaka ishike joto kabisa, ukidondosha tone la uji likalie. Mimina wote kwa mara moja, usikoroge tena. Usifunike bado. Utaona matundu yanafunguka kuanzia pembeni yakija katikati. Yakifika katikati, funika, ondoa nusu ya makaa ya chini, palia juu kama alivyosema fundi wa Ligula. Dakika ishirini hivi, ukiwa na rangi ya dhahabu juu na kijiti kinatoka kikavu, epua.

Wa Mtwara wanaweka tui zaidi, najua. Leteni wa kwenu nao, upimwe.